Bafu Nililomsafishia Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja kuliko ninavyoikumbuka hata asubuhi ya harusi yangu, mwanangu, kwa sababu ndiyo asubuhi niliyomtoa mama mkwe wangu bafuni kwa kumkumbatia kiunoni. Subiri, usicheke bado. Nitaeleza yote mpaka mwisho, halafu utacheka ukiwa na sababu. Siku hizi mnajifunza usafi kwenye simu: mtu anamimina hiki, anaongeza kile, povu linapanda, watu wanapiga makofi. Mimi povu langu nililipiga kabla ya simu hizo, na hakuna aliyepiga makofi.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nimepanga Kagongwa vyumba viwili na bafu la ndani. Nilimsaidia kazi mnunuzi mmoja wa dhahabu, mzee mkimya sana, mtu wa kusema maneno matano kwa siku, na mawili kati ya hayo ni salamu. Wachimbaji walimletea dhahabu kutoka machimbo ya upande wa Bulyanhulu, nasi tuliisafisha kwa asidi kabla ya kuipima. Dhahabu inawekwa kwenye bakuli, asidi inamiminwa, moshi wa kahawia unapanda, na moshi ukiisha unakuta dhahabu imetakata. Kwa hiyo kichwani mwangu mambo yalikuwa yamekaa hivi: moshi ni uchafu unaotoka. Ukiona moshi mwingi, furahi.

Mzee yule alikuwa na tabia moja. Kabla ya kumimina asidi alitoka nje, akachota vumbi kidogo, akalirusha juu, akatazama linakoelekea, kisha akahamia upande mwingine wa meza. Mimi nilidhani anatambika. Watu wa dhahabu wana dawa zao, nami sikutaka kuuliza nikaonekana mshamba. Siku moja nyumbani nilirusha vumbi kabla ya kula ugali, nione kama baraka itaingia. Iliingia kwenye mboga.

Mtaani waliniita Mkemia. Waliniita kwa utani, lakini mimi jina hilo nililipokea kwa moyo wote, nikawa natembea polepole kama mtu mwenye mambo mengi kichwani.

Mke wangu, Minza, alikuwa amekwenda kwa mama yake Ushirombo kujifungua mtoto wetu wa kwanza, binti tuliyempa jina la Limi. Mtoto alipofika miezi miwili nilituma ujumbe kwamba sasa wanirudie, nyumba imekuwa baridi. Jibu lililorudi lilininyima usingizi. Mama mkwe alisema atakuja kwanza yeye mwenyewe kuiona nyumba. Alikuwa amesikia kwamba vijana wa dhahabu wanalala na sumu chini ya kitanda. Akiridhika, Minza na mtoto watakuja. Asiporidhika watabaki Ushirombo mpaka nipate kazi ya watu. Mwanangu, mtoto huyo nilikuwa sijamwona hata mara moja. Nilikuwa nimeambiwa tu kwamba masikio yake ni yangu.

Hapo ujue jambo jingine. Kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe hawazoeani. Humpi mkono, humtazami usoni, hamkai benchi moja, na mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia majanini ili yeye apite. Ukiwa na la kumwambia, unatafuta mtu wa katikati. Ni heshima, na mimi niliishika sawasawa, hivyo hata sura ya mama mkwe wangu nilikuwa naijua kwa upande mmoja tu.

Basi nikaanza usafi. Vyumba havikunisumbua sana. Taabu ilikuwa bafu. Tangu Minza aondoke sikuwa nimelisugua, sakafu ilikuwa nyeusi inateleza, kona zina utando, na harufu yake sitaki kuikumbuka. Nikaenda kwa jirani yangu Mama Kulwa, aliyekuwa akikaanga chipsi pale pale mbele ya nyumba, nikamwomba ushauri. Akanipa chupa ya siki.

"Baba Limi," akaniambia, "hii ichanganye na maji nusu kwa nusu, umwagie, usugue, usuuze. Mlango uwe wazi hewa ipite. Na usije ukaichanganya na dawa nyingine, hasa ile ya kung'arishia mashuka."

"Kwa nini nisichanganye?"

"Kwa nini sijui. Dada yangu alichanganya akazimia kwenye nyumba ya wageni anakofulia. Mimi linanitosha hilo."

Nilitabasamu tabasamu la kitaalamu. Mtu asiyejua sababu anamfundisha Mkemia! Na ile dawa ya kung'arishia mashuka, ile ya klorini, nilikuwa nayo nyumbani nusu chupa, kwa ajili ya shati langu jeupe. Nikapiga hesabu zangu njiani. Siki inasafisha. Klorini inasafisha. Zikikutana si zitasafisha mara mbili?

Mama mkwe alitarajiwa kwa basi la mchana. Asubuhi nikaingia bafuni, nikamwaga siki yote sakafuni bila tone la maji, nikamwagia klorini yote juu yake. Mwanangu, palepale pakachemka. Harufu ikapanda ikanikaba koo, macho yakaanza kutiririka machozi, na kwenye mwanga wa dirisha nikaona hewa imegeuka rangi kidogo, kama majani yanayokauka. Unadhani nilikimbia? Nilifurahi! Nikajisemea, uchafu unatoka huo. Nikaona ni ujinga kuuachia moshi mzuri namna hiyo upotee bure. Nikachukua gunia nikaziba dirisha, nikatoka nikikohoa, nikafunga mlango ili dawa ikolee. Kisha nikaenda kwa Mama Kulwa kunywa chai.

Nikiwa huko nakunywa, lori la mpunga kutoka Ushirombo likasimama barabarani, nami sikulitilia maanani kwa kuwa Kagongwa malori ya mpunga hayahesabiki. Mama mkwe alikuwa juu yake. Alikuwa ameamua kuja mapema makusudi, ili anikute kabla sijajiandaa. Akaingia nyumbani, akakuta hakuna mtu, akaweka kapu lake na kuku aliyekuja naye mlangoni. Miguu ilikuwa na vumbi la safari. Akavua viatu, akafungua bafu, harufu kali akaidhania ni ya dawa ya usafi, akaingia kunawa, akajifungia kwa ndani kama mama yeyote mwenye heshima zake.

Niliporudi nikakuta kapu na kuku. Kabla sijaelewa vizuri, nikasikia kikohozi cha mwanamke bafuni.

Hapa ndipo utakapojua malezi yangu yalikuwa ya namna gani. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikachuchumaa, nikageuza uso pembeni, nikasema kwa adabu, "Mwangaluka, mayu." Nilimwamkia! Mtu anakosa pumzi, mimi namtakia asubuhi njema kwa Kisukuma na kumwita mama.

Jibu lilikuwa kikohozi. Nikamwomba atoke. Akasema kwa sauti iliyokatika kwamba macho hayafunguki na komeo halioni. Nikapiga ukelele kwa Mama Kulwa aje amtoe.

"Mtoe wewe!" akajibu, mafuta yanamchemkia.

"Mimi ni mkwe!"

"Utakuwa mkwe wa marehemu!"

Maneno hayo yalinipata. Nikaupiga mlango bega, mara ya kwanza nikaumia, mara ya pili komeo likang'oka. Namshukuru Mungu mpaka leo kwamba alikuwa amevaa nguo zake zote. Alikuwa ameegemea ukuta, kitenge amekishika mdomoni. Nikavuta pumzi nje, nikaingia, nikamkumbatia kiunoni, nikambeba mpaka uani, kichwa nimekigeuza upande ule mwingine kwa heshima. Kwa kuwa nilikuwa siangalii ninakokwenda, tuliangukia kuku. Wateja wote wa chipsi walikuwa wamesimama wanatazama, wengine na sahani mkononi.

Mama Kulwa alifika na ndoo. Akamlaza mama kichwa upande, akammiminia maji safi machoni, kikombe baada ya kikombe, bila kuhesabu, huku akinitukana katikati ya kila kikombe. Kisha tukamweka kwenye baiskeli, mimi nikasukuma, yeye akamshika, tukaenda zahanati.

Muuguzi alimwona anavyopumua, akatugeukia. "Amevuta nini huyu?"

Mwanangu, kichwa cha mtu aliyekosea kinafanya kazi haraka ajabu. Nilikuwa tayari nimepata majibu mawili mazuri. Ningeweza kusema ni vumbi la mpunga, si alikuja na lori? Ningeweza kusema ni moshi wa pilipili kwa Mama Kulwa. Mama mkwe alikuwa ameketi pale, macho yamefumbwa, anasikiliza. Nikisema kweli, ndoa yangu imekwenda na mtoto sitamwona. Nikisema uongo, labda Jumamosi Minza yuko nyumbani. Nikamtazama yule mama, na safari hii nilimtazama usoni kabisa, mila au si mila. Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Nikaona aibu ambayo sijaiona tena.

"Ni mimi, sista," nikasema. "Nimemwaga siki na klorini bafuni."

"Vyote viwili? Pamoja?"

"Pamoja. Nikafunga mlango. Dirisha nikaliziba na gunia."

"Dirisha uliziba ya nini?"

"Ili ikolee."

Muuguzi akauliza kama nami niangaliwe kichwa. Lakini aliposhughulika na mgonjwa aliniambia jambo ambalo nakukabidhi kama lilivyo. Alisema hewa inayotoka vitu hivyo vikikutana ni sumu, inachoma macho na mapafu, na madhara yake ya kifuani yanaweza kuja saa kadhaa baadaye wakati mtu anadhani amepona. Kama ningesema ni vumbi, angempa dawa ya mafua akamruhusu. Kwa kuwa nilisema kweli, alimlaza chini ya uangalizi mpaka jioni, na kifua chake kilipotulia ndipo akamruhusu.

Jioni mama aliweza kufungua macho. Yalikuwa mekundu. Nilidhani atataka kurudi kwake kesho yake asubuhi akanishtaki, lakini alimwambia Mama Kulwa maneno yaliyonikata maini. "Siwezi kurudi kijijini na macho haya. Mnajua wenyewe kwetu mwanamke wa umri wangu akionekana na macho mekundu wanasema nini juu yake." Tulikuwa tunajua: wanamwita mchawi. Kwa neno hilo, na kwa mambo yanayowapata wanawake wazee wa kwetu, uzembe wangu wa asubuhi moja ungeweza kumfuata mpaka mlangoni kwake. Usiku huo sikucheka na sikutaka mtu aniite Mkemia.

Basi akakaa siku tatu, macho yapone. Nyumba nikamwachia, mimi nikalala stoo ya Mama Kulwa kati ya magunia ya viazi. Mambo yote yalipita kwa Mama Kulwa. Mama angesema kwa sauti ya kutosha mtaa mzima, "Mwambieni mkwe wangu lile gunia aliondoe dirishani," nami nimesimama hatua tano tu, lakini nasubiri Mama Kulwa arudie ndipo nisikie. Nikatoa na mbuzi wa kuomba radhi kwa kumshika. Yule kuku tuliyemwangukia hakudai kitu.

Siku hizo tatu nilisafisha upya, na safari hii nilifuata. Bafu nililisuuza kwa maji ndoo baada ya ndoo, mlango na dirisha wazi, mpaka harufu ikaisha kabisa, kisha nikalisugua kwa sabuni na brashi, na likatakata. Siki nyingine nikaichanganya na maji nikafutia vioo vya dirisha. Birika langu lilikuwa na ukoko mweupe wa maji yetu ya kisima yenye chumvi, nikalitilia siki na maji, nikaliacha, ukoko ukabanduka wenyewe. Nilipoona hivyo nikapata moto tena, nikaenda kazini nikafuta kwa siki sakafu ya terazo ya mzee yule. Ikafifia, mng'ao wote ukaondoka. Siki ni asidi, na terazo haipendi asidi. Mzee alinikasirikia akaacha kuzungumza na mimi, ila kwa kuwa hakuwa mtu wa kuzungumza nilichelewa kugundua.

Aliponisamehe nikamuuliza lile nililoogopa kuuliza miaka miwili. Mzee, lile vumbi unalorusha ni la nini? Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina la jua. "Naangalia upepo," akasema, "moshi usinijie." Kumbe! Miaka miwili nimesimama upande moshi unakokwenda, nikidhani mwenzangu anaomba mizimu.

Siku ya tatu macho ya mama yalikuwa meupe. Aliketi uani kwenye kigoda akanipa mgongo, mimi nikachuchumaa karibu na ukuta, Mama Kulwa katikati. Nikasubiri hukumu. Mama akasema nami bila kupitia kwa mtu, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, ukiacha kile kilio cha bafuni.

"Ng'wanawane," alinianza hivyo, akaniita mwanawe. "Nilikuja hapa nimeshaamua kukataa. Hata bafu lako lingekuwa safi kama sahani, ningekataa. Baba yake Minza alifanya kazi machimboni. Kila baya lililotokea nyumbani kwake lilikuwa la majirani, au la mvua, au langu mimi. Nimeishi naye mpaka amekufa, sijawahi kumsikia akisema ni mimi. Juzi zahanati nilikuwa nimefumba macho, nikasikia mtu anasema ni mimi, na anajua namsikia. Minza atakuja Jumamosi na mtoto. Lakini chupa zako zote uziandike, na kazi yako uiache hukohuko kazini."

Nikasema, "Wabeja, mayu," nikamshukuru hivyo tu. Nililia mbele yao wote wawili. Mama Kulwa akauliza kama bado kuna moshi mahali.

Jumamosi ile lori lilipofika nilipokea mtoto kabla ya mizigo. Masikio kweli yalikuwa yangu.

Sasa mwanangu, sikiliza ninachokutaka. Siki ni kitu kizuri, itumie, ni rahisi na haina makuu. Ipunguze kwa maji, fungua mlango na dirisha, sugua, suuza. Ile kali inayouzwa ya kwenda kupunguzwa, vaa glavu, usiiguse hivihivi. Jaribu kwanza mahali padogo, na usiipeleke kwenye terazo, marumaru wala sakafu ya saruji, itaila. Klorini iwe na siku yake na siki iwe na siku yake, zisikutane kwenye ndoo moja, wala kwenye sakafu moja ambayo hujaisuuza. Na usinionyeshe video ya mtu aliyechanganya asidhurike, hata mimi kuna dakika tano nilikuwa sijadhurika. Usitie siki wala dawa yoyote kwenye chupa ya maji ya kunywa. Andika jina, weka juu, mtoto asifikie. Hewa ikikugeuka, acha kila kitu utoke nje, na umtoe mwenzako hata kama ni mama mkwe. Macho yaoshwe kwa maji mengi safi, kisha zahanati, na ukifika sema umechanganya nini, chupa zote kwa majina. Na mtu akikuonya huku hajui sababu, mshukuru, sababu utaitafuta ukiwa mzima.

Nenda sasa. Mungu akupe nyumba yenye madirisha yanayofunguka, wageni wanaokaa mpaka chai ya pili, na watoto wenye pumzi ndefu za kukukimbilia mlangoni. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akupe ulimi wa kusema ni mimi kabla hujaulizwa mara ya pili.